Utoto wa Mpanda: Nani Alikuwa Anatuangalia?



Ndugu zangu katika imani, wiki hii kuna ujumbe umezunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Mpanda. Bila shaka na wewe umekufikia, pengine mara tatu. Kwa ufupi unasema kwamba sisi tuliozaliwa kabla ya 1980 tulikunywa maji ya mtoni, tukapanda miembe, tukacheza mbalamwezini, tukachapwa na kila mtu mzima aliyetukuta na kosa, hatukuwa na simu wala televisheni, na hatukufa. Kisha unawasema watoto wa siku hizi kwamba ni mayai, ukiwagusa wanavunjika. Mwisho unaambiwa uutume kwa watu kumi.

Mimi sikuutuma kwa watu kumi. Nimeusoma mara mbili, nikacheka, nikahuzunika kidogo, kisha nikaona niandike darsa hili. Ujumbe ule una ukweli ndani yake, na una uongo, na vyote viwili vimechanganywa kama mchele na chuya. Tukae tuchambue.

Tuanze na ukweli, maana ndio mtamu.

Nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikaanza darasa la kwanza wakati ule wa UPE, serikali ilipokuwa imeshatangaza kwamba kila mtoto lazima asome. Madarasa hayakutosha, walimu hawakutosha, kwa hiyo wengine tulisoma asubuhi na wengine mchana. Hesabu mwenyewe: mtoto anayemaliza shule saa sita, na baba yuko shamba au kwenye reli, na mama yuko mtoni au sokoni, ana saa sita nzima hadi Magharibi. Saa sita za Mwenyezi Mungu, bila mtu mzima anayemwongoza afanye nini.

Makanyagio na Kashaulili za wakati ule hazikuwa hizi. Ulikuwa ukitoka nyuma ya nyumba za mwisho, unaingia porini. Tuliijua miti kwa majina kabla hatujayajua majina ya mikoa: mninga, mkurungu, mtundu. Tuliyajua matunda kwa misimu yake, makusu, mbura, ntonga, na tulijua ntonga ipi imeiva na ipi itakuumiza tumbo. Kila mvulana alikuwa na manati shingoni. Gari la waya ulilitengeneza mwenyewe, magurudumu ya kandambili zilizokatika, usukani mrefu wa waya ili ukimbie wima. Mpira ulikuwa matambara na mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Aliyepata tairi bovu la baiskeli alikuwa tajiri wa mtaa. Wasichana walikuwa na rede na mdako, na mbalamwezi ikitoka, wote kwa pamoja tulicheza kombolela hadi mama aite jina lako mara ya tatu, maana mara mbili za mwanzo hazikuhesabiwa.

Na treni! Wewe uliyekuja Mpanda kwa basi la lami huwezi kujua treni ya Kaliua ilikuwa nini kwetu. Tulikuwa tunaweka sikio kwenye reli kusikiliza kama inakuja. Leo nikimwona mtoto ameweka kichwa chake kwenye reli, moyo utasimama.

Reli ile ina historia yake, na vijana wengi hawaijui. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, kilomita zaidi ya 200 kutoka Kaliua hadi hapa, na hawakuijenga kwa ajili ya abiria. Waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, ambayo yalikuwa na fedha na dhahabu kidogo ndani yake. Mji wa Mpanda ulikua juu ya mgodi ule. Mgodi ukafungwa kabla ya Uhuru, wakubwa wakaondoka, likabaki lundo la mchanga wa kijivu uliosagwa laini. Unadhani nani alilirithi lundo lile? Sisi watoto. Tulikuwa tunateleza juu yake kwa vipande vya bati, tunarudi nyumbani weupe kama tumepakwa unga. Hakuna aliyetuambia kwamba risasi ni sumu, na kwamba inamdhuru mtoto kuliko mtu mzima. Ubao wa onyo haukuwepo, uzio haukuwepo. Nami nakiri kwamba yalikuwa ni miongoni mwa masiku ya furaha kubwa maishani mwangu.

Sasa ndugu yangu, nataka ujiulize swali ambalo ujumbe ule haukuliuliza. Uhuru ule ulitoka wapi? Je, watoto wa nchi hii walikuwa huru hivyo tangu zamani, hadi simu zilipokuja kuwaharibia?

La hasha.

Rudi nyuma miaka mia moja tu kutoka utoto wangu. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ziwa Tanganyika ilipita katika nchi hii ya Ukonongo, ikashuka hadi Karema. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu, na ilikuwa njia ya watu waliofungwa. Mtoto wa wakati ule hakutumwa kisimani peke yake, kwa sababu mtoto alikuwa bidhaa. Vijiji vilizungushiwa boma la miti. Na hapa lazima niseme neno ambalo wengine watalikasirikia: miongoni mwa walioendesha misafara ile walikuwemo watu wenye majina kama yetu, wanaoelekea kibla kama sisi. Allah amesema kweli kuhusu udhalimu, na dini haina haja ya sisi kumficha dhalimu kwa sababu alivaa kanzu. Walikuwemo pia waliokuwa wenyeji wa bara hili, wakiuza watu wa jirani zao. Mtoto aliyeibwa hakuuliza dini ya aliyemwiba.

Pale Karema Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia mapadri wa White Fathers. Mwaka 1889 akafika pale mtu mmoja anaitwa Adrian Atiman. Huyu hakuwa Mzungu. Alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, mapadri wakamkomboa, akasomeshwa utabibu kule Malta, akaletwa Karema. Akatibu watu wa kando ya ziwa hili kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa Mkristo, nasi tuna dini yetu, lakini haki ni haki: kuna wazee wa Kiislamu wa mwambao ule waliotibiwa na mikono yake. Ninamtaja kwa sababu maisha yake yanakuonyesha utoto wa karne ile ulikuwaje. Alitoka nje kucheza siku moja, hakurudi kwao tena milele.

Misafara ikaisha, ukaja ugonjwa wa malale. Mbung'o walijaa katika mapori haya. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa nchi za magharibi, na sisi tukiwemo, ikawatoa katika vitongoji vyao vilivyotawanyika ikawaweka katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Babu zetu walihamishwa kwa amri, wakaacha makaburi na miti ya matunda. Kwa mtoto wa siku zile pori halikuwa uwanja wa kuchezea. Pori lilikuwa mahali palipokatazwa na serikali.

Kwa hiyo unaona? Uhuru tunaoulilia ulikuwa na mwanzo, na mwanzo wake si wa zamani sana. Ulikuwa wa vizazi viwili hivi, vitatu tukizidisha. Ulianza pale hofu ya kuibwa ilipoondoka, malale yakapungua, na magari yalikuwa bado hayajaja. Ni dirisha lililofunguka katikati ya hatari za zamani na hatari mpya, nasi tukabahatika kuwa watoto wakati limefunguka. Alhamdulillah. Lakini tusiseme "watoto wa zamani" kana kwamba tunazungumzia tangu Adam.

Na hata ndani ya dirisha lile, hatukuwa peke yetu kama tunavyojidanganya.

Kumbuka kulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Alikuwa na daftari, anajua nani kalala kwa nani, mgeni gani kaingia, mtoto wa nani kavunja kioo. Kumbuka Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 ilitoka amri kwamba kila mtu aishi kijijini, na hadi 1976 watu walikuwa wamehamishwa, wengi wao kwa nguvu, na wako waliochomewa nyumba ili wasirudi. Ni dhuluma ile, sitaipamba. Lakini matokeo yake kwa mtoto yalikuwa haya: nyumba zilipangwa mstari, mlango unatazama mlango, na popote ulipocheza kulikuwa na mwanamke anayepepeta nafaka anakuona. Hukumjua jina, ila yeye alimjua mama yako. Ukipigana Majengo, habari inakutangulia nyumbani.

Halafu kulikuwa na hofu tulizotiwa. Walioko upande wa Sitalike na Kibaoni wanamjua Katabi, yule mwindaji wa hadithi za Wapimbwe na Wabende ambaye wanasema roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa. Mbuga yetu, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, jina lake limetoka kwake. Sisi Waislamu hatumtolei mkwaju sadaka, na wale miongoni mwetu wanaokwenda kuweka vitu pale wamche Allah, hiyo ni shirki iliyo wazi. Lakini nieleze kwa macho ya historia: bibi alipomwambia mjukuu asisogee kwenye maji yale kwa sababu ya Katabi, ndani ya maji yale kulikuwa na mamba na viboko wa kweli. Kanuni za usalama zilikuwepo, ila hazikuandikwa ukutani. Zilivaa nguo za hadithi.

Na michezo yetu yenyewe, tuwe wakweli, nusu yake ilikuwa njaa. Tulitengeneza magari ya waya kwa sababu dukani hapakuwa na gari la kununua. Baada ya vita vya Kagera, mwaka 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980, nchi ilikauka. Mtoto alitumwa kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, akaweka jiwe kushika nafasi, akaenda kucheza, akarudi kulisogeza jiwe. Yale matunda ya porini tunayoyasimulia kwa utamu, siku nyingine ndiyo yalikuwa chakula cha mchana. Wengine miongoni mwetu walikuwa madunguni miezi mizima, wakiamia ndege na kufukuza nyani, na shule wanaisikia tu. Jioni mwenye redio ya mkulima akiifungua, Radio Tanzania inaleta kipindi cha Mama na Mwana, sauti ya Deborah Mwenda, watoto ishirini tumekaa chini kwa mwenye redio tumeziba midomo. Hiyo ndiyo teknolojia yetu, moja kwa mtaa mzima. Pengine siri ilikuwa hapo: haikuwa ya mtoto mmoja chumbani, ilikuwa ya wote uani.

Tena nikukumbushe watoto ambao ujumbe ule umewasahau kabisa. Mwaka 1972 ndugu zetu walikimbia mauaji Burundi. Yakafunguliwa makazi ya Katumba, hapa hapa jirani yetu, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Kulikuwa na watoto wa rika langu Katumba. Walicheza mpira wa matambara kama sisi, pengine walikuwa wanatushinda. Lakini ili familia yao itoke nje ya makazi ilihitaji kibali, na njiani kinaulizwa. Walizaliwa humo, wakaoa humo, hadi mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 waliokuja wakati ule na vizazi vyao walipopewa uraia. Mtu wa Katumba mwenye miaka 50 leo akiusoma ujumbe wa "tulikuwa tunazurura popote," anawaza nini?

Sasa tufike kwenye lile neno zito. "Na hatukufa."

Ndugu yangu, waliokufa hawana WhatsApp.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Surua ilipita mtaani kwetu msimu mmoja wa kiangazi, ikaingia kila nyumba. Nyumba nyingine iliondoka na wawili. Kwetu iliondoka naye. Mpango wa chanjo wa taifa ulikuwa umeanza mwaka 1975, lakini kuanza Dar es Salaam na kufika Mpanda ni vitu viwili tofauti, muulize yeyote aliyesubiri treni. Darasani kwetu kulikuwa na kijana mwenye mbio kuliko sote. Masika, mto Katuma umejaa, tukaenda kuoga kama kawaida. Sisi tulirudi. Yeye alipatikana siku ya pili, chini kwenye mafunjo. Baba yake alisimama kaburini hakusema neno, akamshukuru kila mmoja kwa kumpa mkono, hata sisi watoto, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Mzee yule alitangulia mbele ya haki zamani. Nani atamtumia ule ujumbe wa "hatukufa"?

Hesabu za taifa zipo. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 147 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni 43. Kwa wakati wetu hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo ya 1999. Watoto zaidi ya mia moja katika kila elfu, ambao leo wanakwenda madrasa na mikoba yao mgongoni, kwa zama zetu wangekuwa makaburini. Chanjo, chandarua, kisima kilichofunikwa, ndivyo vilivyowabakisha kwa idhini ya Allah. Mtu anayewakejeli akinamama wanaopanga foleni ya kliniki, eti sisi hatukuhitaji hayo, amekufuru neema.

Na wasichana je? Nimeusoma ujumbe ule mara mbili, kila kilichosimuliwa ni cha mvulana. Kupanda mti, kuoga mtoni, manati. Dada zetu saa zile sita walikuwa wapi? Walikuwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Rede ilichezwa baada ya vyombo kuoshwa. Na wako ambao uhuru wa kutoangaliwa uliwafikia kwa sura nyingine, wakakutana njiani na watu wasiomcha Allah, kisha wao ndio wakafukuzwa shule na wao ndio wakasemwa. Jambo hili halijaisha. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 uliitaja Katavi kuwa ya kwanza nchini: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba, wakati kwa nchi nzima walikuwa 27. Mkoa wetu. Asilimia 45. Siku ile nilipoisoma namba ile kwenye khutba, msikiti ulinyamaza, na baada ya sala mzee mmoja akaniambia, "Shekhe, umetuvua nguo." Nikamjibu, "Mzee wangu, walikuwa wamevuliwa kabla yetu."

Je, tuseme basi watoto wafungiwe ndani? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka twende kwenye Kitabu na Sunna, maana watu wawili wananijia na kila mmoja anadhani dini iko upande wake.

Soma Suratu Yusuf ukiwa mzazi, si ukiwa mwanafunzi. Ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao amruhusu mtoto aende nao malishoni kesho yake, afurahi na acheze. Kucheza kumetajwa ndani ya Qur'ani, kwa jina lake. Na Mtume Yaqub, amani iwe juu yake, hakusema mchezo ni upuuzi. Alisema anahofia mbwa mwitu. Kila mzazi wa Mpanda anayemwangalia mwanawe akielekea barabara kuu anaijua kauli ile. Alihofia, na bado alimruhusu. Na unajua kilichotokea.

Lakini usiishie hapo, wengi wanaishia hapo. Miaka ikapita, wakaja tena kumwomba amtoe mdogo wake Yusuf, yule ambaye wafasiri wanamwita Binyamin. Baba aliyeungua mara moja! Yaqub hakumfungia ndani. Aliwawekea ahadi kwa jina la Allah kwamba watamrudisha, kisha akawaelekeza waingie mjini kwa milango tofauti. Akaweka masharti, akaweka tahadhari, akamtegemea Allah, akamwachia mtoto aende. Mimi sijaona popote somo la malezi lililozidi aya zile.

Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka akiwa kijana. Anas bin Malik alikuwa mtoto anayemtumikia. Siku moja alitumwa, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama pale. Mtume akamjia kwa nyuma akamshika kisogo, Anas akageuka akamwona anacheka, akamuuliza kwa upole kama amekwenda alikotumwa. Anacheka! Mimi niliposomeshwa juzuu ya Amma, mwalimu aliyenikuta nimesimama kwenye mchezo hakucheka. Alama ya mjeledi wake ninayo hadi leo, Allah amsamehe. Wanaosema fimbo zile ndizo zilizotufanya watu, wasome Anas alivyosema kwamba miaka kumi hakuwahi kuambiwa neno la kukereka.

Na Mtume huyo huyo ameweka kanuni za usalama. Nyumba iliungua usiku Madina na watu wake ndani, akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Alimkataza mtu kulala juu ya paa lisilo na ukingo. Na katika hadithi ya Jabir, iliyo katika Bukhari na Muslim, aliamrisha watoto wazuiwe usiku unapoingia, kwa sababu mashetani wanatawanyika wakati ule; na ikipita saa ya usiku, waachiwe. Angalia fiqhi iliyomo: amewazuia kwa muda maalumu, kwa sababu maalumu, kisha akaamrisha waachiwe. Kanuni ina mwanzo na ina mwisho. Kanuni zetu za leo zina mwanzo tu.

Nimesema dirisha lilifunguka. Limefungwa na nini? Wengi watasema simu. Simu imekuja mwisho. Mwaka 2012 tulipopewa mkoa wetu tukatoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604 katika Katavi. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Tumezidi mara mbili ndani ya miaka kumi! Wamekuja wafugaji, wakulima, wachimba dhahabu, wafanyabiashara, karibuni wote. Lakini yule mama anayepepeta nafaka leo hamjui mama yako. Ukimwonya mtoto wa jirani, jirani anakuja na maneno. Pikipiki ziliruhusiwa kisheria kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010, na leo kila uchochoro una bodaboda inayopita kama risasi. Mabonde tuliyochezea yana viwanja vyenye namba. Ndipo mzazi mwenye hofu ya haki akamvuta mtoto ndani. Na mtoto aliyevutwa ndani akalia. Na ili anyamaze akapewa simu.

Hapo ndipo msiba ulipo. Tumefunga mlango, tumeweka kufuli, tumeridhika. Lakini yule tuliyemfungia chumbani ndiye yuko sokoni. Mkononi ana soko ambalo babu yangu angeliogopa kuliko njia ya misafara: wanaume asiowajua wanamwandikia, picha anazoonyeshwa, kamari ya mipira anayofundishwa akiwa na miaka kumi na miwili. Na balozi wa nyumba kumi haingii humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka kwamba mtoto ana haki ya kucheza na kupumzika, tena imempa mzazi wajibu wa kumlinda. Vyote viwili, kama Yaqub. Sisi tumechukua kimoja, na hata hicho tumekikosea.

Kwa msikiti wetu jambo hili limetufika mezani. Wazazi wa madrasa waligawanyika. Wengine walitaka kila mtoto aletwe na bodaboda na arudishwe na bodaboda, na uwanja ufungwe, na mwembe ukatwe kwa sababu mtoto mmoja alianguka akateguka mkono. Wengine, wenye ule ujumbe kwenye simu zao, walisema waachwe kama tulivyoachwa sisi, anayeanguka ataamka. Tumekaa vikao viwili, cha pili akinamama walikuwepo, na kwa kweli wao ndio waliotutoa kwenye ubishi.

Tumekubaliana hivi. Darsa limetolewa baada ya Magharibi, limewekwa baada ya Alasiri, watoto wawe wamefika kwao kabla giza halijaingia. Watakuja kwa miguu, kwa makundi ya mitaa, wakubwa mbele na nyuma, na wasichana wana dada mkubwa wa kutembea nao. Wazee wanne waliostaafu wamejitolea kukaa kwenye kivuko cha barabara kuu kwa zamu; wanasema wanapiga soga pale pale kila siku, sasa watapata na thawabu. Nusu saa ya mwisho kabla ya kuondoka hakuna kitabu, hakuna simu, ni uwanja. Masika mtoni hakuna kwenda bila mtu mzima anayejua kuogelea, na kiangazi kijana wetu mmoja aliyekulia Karema atawafundisha wanaotaka, wavulana.

Akinamama wakauliza: na wasichana wetu wazame? Swali ni la haki. Tunamtafuta mwanamke wa kuwafundisha mahali penye sitara. Mwenye kumjua atuletee habari.

Mwembe haukatwi. Tawi kavu la upande wa choo tumeliondoa Jumapili, na chini yake tumemwaga mchanga wa mtoni matoroli sita. Mwenye matairi mabovu ya baiskeli nyumbani kwake, asiyatupe, ayalete kwa muadhini.

Wallahu aalam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.